Kisahani cha Gizani

Ombeni Mbwambo alikuwa mtu wa kujulia watu hali. Kwao Usangi, milimani Upare, alilelewa hivyo: hupiti mlangoni kwa mtu bila kubisha hodi, wala humsubiri mgonjwa apone ndipo umtembelee. Unakwenda asubuhi, unarudi jioni, na kama huna cha kupeleka unapeleka uso wako. Toronto haikumtoa tabia hiyo. Katika jengo lao la ghorofa kumi na saba kule Scarborough aliwajua wagonjwa wote wa ghorofa yake, na mkewe alikuwa akimcheka. "Wewe," alimwambia, "hata mwizi akituibia utamfuata kumuuliza kama amefika salama."

Tabia njema, nani atabisha? Lakini ndiyo hiyo hiyo iliyotaka kumponza, na asiponzeke peke yake.

Aliingia Canada akiwa na cheti cha maabara na miaka minane ya kutafuta vidudu vya malaria kwenye hadubini ya hospitali ya wilaya kule Same. Wenyeji wakakitazama cheti chake, wakakisifia mhuri, wakamrudishia. Akaenda kupanga maboksi kwenye ghala moja la Downsview, miaka minne, mpaka mgongo ukaanza kumsemesha. Kisha siku moja ya Februari, kwenye kituo cha basi la Lawrence, bibi mmoja wa Kihindi akateleza kwenye barafu mbele yake. Ombeni akasema lililomjia mdomoni:

"Pole, mama!"

Na yule bibi, angali amekaa chini kwenye theluji, mkoba huku na kiatu kule, akajibu, "Nimeshapoa, baba. Nipe mkono."

Ndiye Dolat, Mwismailia mzaliwa wa Moshi, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Ombeni alimsindikiza hadi kwake Don Mills, na kesho yake akarudi kumjulia hali. Jumapili akarudi tena. Ilipofika mwezi wa tatu Dolat akamwambia binti yake, Daktari Arzina, mwenye maabara ya utafiti wa ubongo mjini, "Kila siku unanililia huna mtu wa hadubini. Huyu hapa. Unataka nikuletee na malaika?" Arzina aliongoza watu kumi na wawili kazini, lakini mbele ya mama yake hakuwa na ubishi. Ombeni akatoka ghalani, akavaa tena koti jeupe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu anapoanza kupotewa na kumbukumbu, seli za ubongo wake huwa zimejaa protini iliyoharibika. Kingamwili ndizo kinga ambazo mwili hujitengenezea dhidi ya maradhi. Sasa kulikuwa na dawa ya kingamwili za kiwandani, zilizoundwa ziikamate protini hiyo. Kwamba zinaingia ndani ya seli, hilo lilikwisha kuonekana. Ambalo hakuna aliyelijua ni kama zinatoka, na baada ya muda gani. Basi Ombeni akaotesha seli za ubongo kwenye visahani vya kioo, akazitia kingamwili rangi ya kijani inayong'aa, akazimwagia seli, akaosha zilizobaki nje. Kisha hadubini kubwa ikapiga picha kila baada ya dakika tano kwa saa arobaini. Seli ikiwaka kijani, kingamwili zimo. Mng'ao ukififia, zimekwenda zake.

Jambo hili halikuwa la vitabuni tu. Hospitali moja ilikuwa ikiwapa dawa hiyo wagonjwa wachache, mara moja kwa mwezi, na mmoja wao alikuwa Dolat. Maana mwaka wa pili sasa kumbukumbu zilikuwa zikimtoka. Dozi ya mwezi haikuwa ikifua dafu, na madaktari walitaka kuwapa wagonjwa wote kila wiki. Kama kingamwili zinatoka kwenye seli ndani ya siku mbili, hakuna tatizo. Kama zinabaki, wiki hii zitarundikwa juu ya za wiki iliyopita, na seli iliyovimbiwa hufa. Kamati ya kuamua ingekaa Alhamisi. Arzina alikwisha kuwaeleza kwamba mama yake ni mgonjwa, kwa hiyo hakuwa na kura. Lake lilikuwa kuwapelekea picha tu. Kamati ikikubali, Dolat angepata dozi yake ya kwanza ya wiki siku ya Ijumaa.

Na picha zilikuwa zimetoka vizuri mno. Kufikia saa ya arobaini kijani karibu chote kilikuwa kimekwisha.

Mtu mwenye akili atauliza: je, kama rangi imefifia yenyewe kwa ule mwanga wa kupigia picha? Ndiyo sababu kulikuwa na kisahani cha pili, wenyewe wakikiita cha gizani. Seli zile zile, kingamwili zile zile, lakini chenyewe kinafungwa kwa karatasi ya foili na kukaa ndani ya kabati la joto. Kinapigwa picha moja mwanzoni na moja mwishoni, basi. Kikibaki na mng'ao wake, ujue cha kwanza kimefifishwa na mwanga. Nacho kikififia, basi si mwanga. Kingamwili zimeondoka kweli. Kilikuwa kimefifia. Siku hiyo Agnelo, Mgoa wa Nairobi aliyefanya mahesabu ya maabara na aliyekuwa akikaribia kustaafu, aliwaletea wote sambusa.

Jumapili kabla ya kamati, Ombeni akatoka kanisani akaenda Don Mills kama kawaida yake. Dolat alikuwa amekaa dirishani kwenye jua. Kiingereza kilikuwa kimemtoka mwaka jana, Kikachi cha kwao kikawa cha kuja na kuondoka, ila Kiswahili cha dukani Moshi kilikuwa hakijatikisika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mvua imenyesha huko juu?"

"Imenyesha, mama," akasema Ombeni. Kama huko juu ni Usangi au ni Marangu ya Kilimanjaro, hakutaka kuuliza.

Dolat akapapasa kitambaa cha meza, kitambaa chekundu alichokidarizi mwenyewe akiwa msichana. "Ondoa bakuli hili. Nataka kukunja, kuna mteja anakuja."

Ombeni akanyanyua bakuli la matunda. Kitambaa kizima kilikuwa kimepauka, chekundu kimebaki jina. Lakini pale lilipokuwa bakuli palikuwa na duara jekundu bichi, kana kwamba limetiwa rangi asubuhi ile.

"Ona," Dolat akasema. "Jua limekula kote. Hapa tu halikufika."

Ombeni alibaki amelishika bakuli. Kuna jambo lilimkera moyoni, na kwa muda hakujua ni lipi. Kisha akajua.

Alikuwa amekitazama kile kisahani cha gizani. Si mara moja. Kila alipopita kwenye kabati la joto siku zile mbili, alikuwa akikitoa, akifungua foili, akikiweka chini ya hadubini ndogo ya pembeni, anawasha taa na kuinama kutazama kwa macho yake, dakika moja, pengine mbili. "Hamjambo humo?" alikuwa akisema, kweli kabisa, kwa sauti. Kisha anakifunga na kukirudisha. Sheria aliijua: kisipigwe picha. Naye hakupiga picha. Alitazama tu. Halikumpitia akilini kwamba taa ya kutazamia nayo ni taa.

Na hadubini ile ndogo ilikuwa ya zamani, haiandiki popote nani kaiwasha na kwa muda gani. Ulimwengu mzima hakuna aliyejua ila yeye.

"Weka chini, baba," Dolat akamwambia. "Litakuchosha."

Jumatatu alifika maabara mapema, akamkuta Agnelo peke yake akinywa kahawa. Akamweleza, maana alihitaji kulisema kwa mtu kwanza aone kama linasemeka. Agnelo akaweka kikombe chini.

"Who asked you? Nani alikutuma ukawasalimie?"

"Hakuna, mzee."

"Sasa sikiza, bwana. Hiyo taa haina record. Nobody saw you. And maybe ziliondoka kweli! Utaharibu kazi ya mwaka mzima sababu ya maybe?"

"Na kama hazikuondoka?"

Agnelo akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Ombeni, yule mama ndiye alikutoa warehouse. Friday anapata dose. Wewe ndiye utamnyang'anya?"

Hapo ndipo palipouma. Ombeni akaenda kukaa kwenye kiti chake mbele ya hadubini kubwa, mikono mapajani. Aliogopa, tena sana. Aliogopa ghala la Downsview. Aliogopa uso wa Arzina. Zaidi ya yote aliogopa kwamba Agnelo alikuwa na haki: Dolat alikuwa akizama kila wiki, na pengine dawa ile ndiyo kamba pekee, naye amesimama ukingoni na kisu. Akajiambia asubiri hadi saa nne. Saa nne haijafika, Arzina akaingia akiwa na koti la baridi mkononi, anatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

"Ombeni! Picha za Thursday ziko tayari? Jana nimelala vizuri, first time in months."

Angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikwisha kufika kwenye ulimi.

"Daktari," akasema, "kisahani cha gizani hakikuwa gizani."

Arzina hakuelewa. Ombeni akamwambia yote, amesimama, macho sakafuni, hakujitetea. Alipomaliza Arzina akaenda kufunga mlango. Mbele ya wengine aliongea zaidi Kiingereza. Kiswahili alikiweka kwa mambo ya ndani.

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Kila saa. Pengine zaidi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nazijulia hali."

Arzina akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Ni seli, Ombeni. Si shangazi zako."

Akalitupa koti lake mezani.

"Mama ananiita kwa jina la dada yake sasa. Dada yake alikufa. Unajua hilo?"

"Najua, daktari. Nilikuwepo alipoanza kukuita hivyo."

"Ndiyo. Wewe uko pale kila Sunday. Mimi niko hapa natafuta dawa." Akageuka dirishani, na Ombeni akaona mabega yake yanavyopanda na kushuka. Aliporudi sauti ilikuwa kavu. "Tuna seli?"

"Zipo. Zimekomaa."

"Rudia yote. Sasa hivi. Jumatano asubuhi nataka jibu. Na ukikigusa kile kisahani, Ombeni, usirudi tena hapa."

Adhuhuri kingamwili zilikuwa zimemwagwa. Saa kumi alasiri zikaoshwa. Kisahani cha kwanza kikawekwa chini ya hadubini kubwa. Cha gizani kikapigwa picha yake moja, kikafungwa foili mara mbili, kikaingia kabatini. Ombeni akafunga mlango wa kabati taratibu, na tangu hapo mateso yakaanza.

Wewe msomaji unaweza kusema, kutotazama ni kazi gani? Huyu alikuwa mtu aliyekuwa akiamka kwenda kusikiliza kama jirani amekohoa. Jumanne nzima kabati lile lilikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti chake. Aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Aliandika majina kwenye vibandiko hadi vibandiko vikaisha. Kila dakika tano hadubini kubwa ilitoa mlio wake mdogo, na kwenye skrini kijani cha kisahani cha kwanza kikawa kinapungua, kinapungua. Na kile kingine je? Kinafifia nacho? Alijikuta akiomba kifie gizani, kizimike kabisa, ili Dolat apate dozi yake na yeye aonekane mjinga tu aliyewasumbua watu bure. Kisha anaona haya kwa kuomba hivyo.

Saa nane mchana kengele ya kabati ikalia. Joto linashuka. Ombeni akaruka. Mlango ulikuwa haukushika vizuri. Kuna mtu alikuwa ameweka chupa ndani, akauacha hivyo. Foili ilikuwa pale, usawa wa kifua chake, imeng'aa. Angekifungua nusu dakika tu, ajue kama seli ziko hai. Mgonjwa amepata baridi, huendi kumtazama? Akausukuma mlango kwa bega mpaka ukashika, akasimama hapo ameuegemea mpaka kengele ikanyamaza.

Saa kumi Arzina akaja. Hakuwa amekula, ilionekana. Akazunguka zunguka, akagusa hiki na kile, mwisho akafika kwenye kabati na kuweka mkono kwenye kishikio.

"Sekunde moja," akasema. "Just one look. Nijue tu."

"Daktari, hapana."

Miaka mitatu hakuwahi kumwambia neno hilo. Arzina akamtazama kana kwamba kiti ndicho kimesema. Ombeni alikuwa amekwisha kusimama kati yake na mlango, akiwa na umbo lile la mtu mpole asiyejua kuzuia watu.

"Hii ni maabara yangu."

"Ni yako. Ukikitazama tutakuwa hatujui tena."

Mkono wa Arzina ukabaki kwenye kishikio. Kisha ukaondoka, mwenyewe akaufuata, na mlango wa ofisi yake ukasikika ukifungwa.

Jumatano saa tatu asubuhi walikuwa watatu ndani ya chumba cha hadubini, taa zimezimwa. Kisahani cha kwanza kilikuwa kama kile cha wiki iliyopita, karibu cheusi. Ombeni akafungua foili kwa kupapasa, akaweka cha gizani mahali pake, akapiga picha moja.

Skrini ikajaa kijani.

Seli baada ya seli, mpaka kwenye mikono yake ile mirefu myembamba, zote zilikuwa zinawaka. Agnelo akaendesha mahesabu mara mbili, na mara ya pili akayasoma kwa sauti ya chini: katika kila mia zilizoingia, tisini na moja zimo bado. Hazikuwa zimetoka. Siku mbili hazikuwa zimekwenda popote.

"Zimo," Arzina akasema.

"Zimo, daktari."

"Ijumaa wangemwongezea juu ya hizi." Akakaa chini. "Na wiki inayofuata tena. Na tena."

Agnelo akaona kamba za viatu vyake zinahitaji kufungwa. Pole ilikuwa mdomoni mwa Ombeni, akaiona ndogo, akaisema hivyo hivyo.

Alhamisi alikwenda kwenye kamati akawaambia picha za kwanza zilikosewa katika maabara yake, na kosa akaliandika kwa jina lake mwenyewe. Dozi ya kila wiki ikakataliwa. Ijumaa ikapita. Kwa Ombeni hakusema lolote, la kumfukuza wala la kumbakiza, na Ombeni akarudi Scarborough wikendi ile bila kujua kama Jumatatu ana kazi.

Jumapili mkewe akamuuliza, "Na leo utakwenda?" Akasema hajui. Alipotoka kanisani miguu ikampeleka kwenye basi la Lawrence. Alisimama mbele ya mlango wa Dolat muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama mbele ya mlango wowote, kisha akabisha hodi.

Aliyefungua ni Arzina. Jumapili, saa saba mchana, Arzina yuko nyumbani, miguu mitupu.

"Kesho uje saa mbili," akamwambia. "Kuna seli za kuosha." Kisha akasogea apite.

Dolat alikuwa dirishani. Ombeni akamwamkia, akaitikiwa, akaulizwa watoto na mvua. Arzina alibaki amesimama katikati ya chumba, hajui aweke wapi mikono. Mwishowe akaja mbele, akainama, na kwa Kiswahili chake chenye kigugumizi cha Canada akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Dolat akamwangalia kwa adabu, kama anavyoangaliwa mgeni dukani. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Arzina akamgeukia Ombeni. Ombeni angeweza kumjibia. Alikuwa na jibu. Lakini akashusha macho kwenye kitambaa cha meza, asimtazame usoni.

"Wa Dolat," Arzina akasema.

"Ah, Dolat! Namfahamu." Uso wa bibi ukachangamka, akapiga piga kiti kilichokuwa kando yake. "Ametoka kidogo tu. Kaa, mwanangu, umsubiri. Atarudi sasa hivi."

Ombeni akaenda jikoni kubandika maji ya chai. Arzina akavuta kiti, akakaa kumsubiri.